Kifungu Tulichokiruka

Mimi ni Mhehe, na watu wa Mbeya hawakuniacha nisahau. Nikipandisha sauti mahakamani, walisema hizo ndizo hasira za kwao Iringa. Nikinyamaza, walisema ninaziweka akiba. Kwa hiyo niseme mapema kwamba miaka ninayoisimulia hapa niliiishi nusu nikiwa nimekasirika, na nusu nyingine nikiwa na furaha ambayo sikuitambua mpaka ilipokwisha.

Ilikuwa miaka ya sabini. Mawakili wa nyanda za juu zote hizi, kuanzia Iringa hadi Mbeya, tulikuwa wachache mno. Tukikusanyika chumba kimoja, viti vilibaki. Tulikuwa tumesomea mauaji, mipaka ya mashamba na ng'ombe wa wizi, na kwa hayo tulijiona mabingwa. Kisha dunia ikageuka mbele ya macho yetu. Maduka makubwa yakashikwa na serikali. Vijiji vikaandikishwa, vikawa kama watu mbele ya sheria, vinaweza kununua, kukopa, kushtaki na kushtakiwa. Malori ya kwenda Zambia yakawa hayakatiki barabarani, na nyuma ya kila lori kulikuwa na mkataba ambao mwenye lori hakuwa ameusoma. Mteja aliingia ofisini na swali la biashara, nasi tukamkodolea macho kama kuku mgeni.

Aliyeiona aibu hiyo kabla yetu wote alikuwa mzee niliyefanya naye kazi. Alikuwa wakili Mnyakyusa wa Rungwe, mrefu, mwenye sauti ya chini, na sweta la sufu alilolivaa ndani ya joho karibu mwaka mzima kwa sababu ya baridi ya Mbeya. Ofisi yetu ilikuwa Uhindini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Kila asubuhi alipanda ngazi akiwa amekumbatia chupa ya chai ya Kichina, ile yenye maua mekundu, ambayo mke wake aliijaza chai ya maziwa na tangawizi huko nyumbani kwao, mtaa wa Soweto. Vikombe vilikuwa viwili, chake na changu. Hakufungua jalada hata moja kabla hatujanywa.

Alinichukua nilipotoka chuoni, wakati watu wazima na akili zao walipokuwa wakiniuliza kwa nini binti mzuri kama mimi asitafute kazi ya ualimu. Baada ya miaka kadhaa, siku moja akiwa anafuta kikombe, alisema, "Binti, nimemwambia fundi aongeze jina lako kwenye kibao." Nikasema, "Asante, mzee." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu yote ya ubia, na chai ilikuwa bado ya moto.

Darasa alilolianzisha lilikuwa hivi. Jumamosi moja kila mwezi tulikutana kusomeshana sheria za biashara: mwezi huu Mbeya ofisini kwetu, mwezi ujao Iringa, katika ukumbi wa hosteli moja ya misheni. Tulisomeshana kwa Kiswahili, ingawa vitabu vilikuwa vya Kiingereza, maana mzee alisema mteja wa Mbalizi mwenye mashine ya kusaga hatakuja kukuuliza kwa Kiingereza. Na mwalimu hakuchaguliwa kwa kujua. Mwisho wa kila somo, mzee alitupa swali moja la somo lijalo, kila mtu akajibu bila kufungua kitabu, na aliyekosea vibaya kuliko wote ndiye aliyefundisha mwezi uliofuata.

"Anayejua kidogo ndiye afundishe," alisema. "Anayejua sana atatuchosha, na yeye mwenyewe hatajifunza kitu."

Mwanzoni tulinung'unika. Mawakili ni watu wa kupenda kuonekana wanajua, na hapa ujinga wako ulitangazwa mbele ya wenzako, ukapewa mwezi mzima kuufanyia kazi. Lakini ilifaa. Kulikuwa na wakili mmoja wa Iringa, mnene, Mkatoliki wa kusali kila siku, mtani asiye na breki. Aliwahi kusema kwamba kijiji hakiwezi kushtakiwa kwa sababu hakina miguu ya kupanda kizimbani. Akapewa somo la vijiji. Mwezi uliofuata alilifundisha vizuri hivi kwamba mpaka leo, nikiulizwa jambo la kijiji na mikataba yake, namsikia yeye akiongea kichwani mwangu.

Mimi zamu yangu ilikuja Mbeya, mwezi wa sita, baridi ikiwa kali na sisi wote tumekaa na makoti. Mzee aliuliza, "Wabia wawili hawakuandikiana kitu. Mmoja akafa. Ubia unakuwaje?"

Nilijibu wa kwanza, maana ndivyo nilivyo. Nikasema aliyebaki anaendelea, kama mjane anavyoendelea na shamba.

Hakuna aliyenifikia kwa kukosea siku ile. Mzee hakucheka kama wengine. "Mwalimu tumempata," akasema, akaanza kukusanya vikombe.

Nikasoma. Nilikuwa na kitabu kimoja cha zamani, jalada lake limefungwa kwa gundi ya karatasi, na nilikisoma mezani kwangu dirishani, mahali ambapo jua la asubuhi lilifika. Sheria ilikuwa wazi. Kama wabia hawakukubaliana vingine, kifo cha mmoja ndicho mwisho wa ubia. Kazi inafungwa, vitu vinagawanywa, na sehemu ya marehemu inakwenda kwa warithi wake. Niliandika hayo kwenye karatasi ya somo, nikayapigia mstari, nikainua kichwa. Mzee alikuwa ndio kwanza anaingia. Alisimama mlangoni ameshika fremu, chupa ya chai kifuani, akisubiri pumzi yake imfikie kutoka ngazini.

Moyo wake ulikuwa mbovu. Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa amemwambia, naye alikuwa ameniambia kama mtu anayetaja mvua: moyo umechoka, basi. Mimi nikaiweka habari hiyo mahali ambapo mtu huweka mambo asiyotaka kuyatazama. Sasa kitabu kikawa kimeitoa na kuiweka mezani.

Tulikuwa tumewaandikia ubia watu wangapi? Wenye malori, wenye mashine za kusaga, ndugu wa Chunya waliolima tumbaku pamoja na kugombana pamoja. Kila mkataba tuliweka kifungu cha kifo, mimi nikikinakili kwenye mfano wa mzee bila kuuliza kwa nini, tena tuliwakazania. Na sisi wenyewe tulikuwa na kibao tu na chupa ya chai. Mganga hajigangi, walisema wahenga, na nadhani walikuwa wamepita ofisini kwetu.

Kulikuwa na jambo lingine, nalo lilikuwa na miguu. Mzee alikuwa na mdogo wake, mkulima wa kahawa na ndizi huko Rungwe, mtu mkubwa, wa maneno machache. Kwa mila za kwao, mtu akifa ndugu yake ndiye hukaa mahali pake. Bwana huyu aliwahi kuja ofisini mara moja. Alisalimia, akakaa, akaipapasa meza ya mzee, meza nzito ya mninga, huku na huku kama anapapasa mgongo wa ng'ombe mnadani. Akauliza, "Hii meza ilitoka wapi?" Nilimchukia hapo hapo. Niliona siku ile yote mbele yangu: ukoo unapanda ngazi, meza inashuka, viti vinashuka, mashine ya kupiga chapa inashuka, na mimi nimesimama katika chumba kitupu. Ndugu hawezi kurithi kazi ya uwakili. Lakini anaweza kurithi nusu ya vyombo vyake, na ni nani atakayemletea kesi mwanamke asiye na meza?

Dawa ilikuwa rahisi. Tuandikiane. Ila ningeanzaje? Kumtajia mtu kifo chake ni uchuro. Kwetu Iringa, mtoto anayemuuliza baba yake "ukifa itakuwaje" anakatwa jicho moja tu, na hatarudia. Mgonjwa ndiyo kabisa. Kumwambia mzee tuandike kifungu cha kifo ni kama kumwambia nimeshaanza kupima urefu wake.

Nikaandika mkataba wa ubia wetu hata hivyo, nikauweka mezani kwake pamoja na majalada mengine, nikajifanya natafuta kalamu. Niliandika saa za kazi, nani anakwenda Chunya, nani anakwenda Tukuyu, likizo, funguo, na hata nani ananunua mkaa wa jiko wakati wa baridi. Aliusoma wote taratibu.

"Umeruka kifungu," alisema.

"Kipi, mzee?"

"Unachokwenda kukifundisha Iringa."

"Andika wewe basi, mzee. Mimi mwandiko wangu mbaya."

Akavuta kalamu. Akaifungua. Akakaa nayo juu ya karatasi, kisha akaifunga na kusema chai imepoa. Naye kilimshinda. Miaka yote ile niliyomfahamu sikuwahi kumwona akishindwa na sentensi, na nilitamani kulia, lakini nilichofanya ni kumgombeza karani wetu kuhusu vumbi la dirishani.

Ijumaa tuliondoka kwenda Iringa na gari lake kuukuu, Pijo. Zilikuwa enzi za kukatazwa kuendesha gari Jumapili mchana ili kubana petroli, kwa hiyo safari zote za darasa zilipangwa kwa kuhofia saa nane ya Jumapili. Niliendesha mimi. Tulipofika karibu na Igawa, kundi la ng'ombe likaingia barabarani, ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakihamia bonde la Usangu kutoka kaskazini. Walikuwa wengi, tena hawana haraka na mtu. Nikazima injini. Ikawa kimya, ni kwato tu na filimbi ya mchungaji. Nikajiambia, sasa. Hapa hakuna karani, hakuna mteja, hakuna pa kukimbilia. Nikafungua mdomo.

"Ng'ombe wamenenepa," nikasema.

"Wamenenepa sana," akajibu mzee.

Na hiyo ndiyo ilikuwa faida yote ya Igawa.

Jumamosi asubuhi ukumbi ulikuwa unanuka nta ya sakafu. Mawakili walikaa kwenye viti vya mbao, nami nikasimama mbele na karatasi yangu. Nilifundisha vizuri, siwezi kujinyima hilo. Nilieleza ubia unavyozaliwa hata bila maandishi, kwa matendo tu. Nilieleza jinsi kosa la mbia mmoja linavyomfunga mwenzake. Kisha nikafika kwenye kifo, na sauti ikanigeuka. Nikasoma sentensi moja mara mbili kana kwamba nilikuwa nasisitiza.

Yule mnene wa Iringa hakujua kitu, alikuwa katika utani wake wa kawaida. "Mwalimu, swali. Ninyi wawili wa Mbeya, mkataba wenu una kifungu hicho?"

Wakacheka. Mimi sikuweza. Walipoona sicheki, na wao wakaacha, mmoja mmoja.

Mzee akasimama, akaegemea kiti cha mbele yake. "Hatuna," alisema. "Hatuna mkataba wenyewe. Binti huyu ameogopa kunichuria. Na mimi nimeogopa akiona nakiandika, atadhani nimeshaanza kuaga." Akanyamaza akivuta pumzi, na ukumbi mzima ukavuta naye. "Nimewaza njia nzima, tangu kule kwa ng'ombe. Uchuro ni kutaja kifo cha mwenzako. Cha kwako mwenyewe hakuna aliyekukataza. Nani ana karatasi?"

Akapewa karatasi. Moja akanipa mimi, nyingine akabaki nayo. "Andika cha kwako. Mimi naandika cha kwangu. Ndipo tuviunganishe, kiwe kifungu kimoja."

Tukaandika pale pale, yeye kwenye kiti chake, mimi nimesimama kwenye meza ya mwalimu, na wasomi wenzetu wakikaa kimya kama waumini. Mwandiko wangu ukawa mbaya kweli, kama nilivyosingizia. Tulipomaliza tukabadilishana.

Cha kwake kilisema: "Nikitangulia mimi, ubia haufi. Meza yangu na vyote vilivyomo ni vya ofisi, si vya ukoo. Siku ya kwanza ya kazi baada ya maziko, mlango ufunguliwe saa mbili asubuhi kama kawaida. Mwenzangu asimwombe mtu ruhusa."

Cha kwangu nilikuwa nimekianza kisheria, kikaniponyoka. Kilisema: "Nikitangulia mimi, mzee asibebe majalada mwenyewe. Aache kesi za Chunya kwa sababu ya vumbi. Apate mbia mwingine, lakini kiti cha dirishani asimpe upesi."

Alikisoma, miwani ikiwa imeshuka puani. "Hiki si kifungu cha ubia," alisema. "Hii ni amri ya mama mwenye nyumba." Lakini alikitia sahihi bila kubadilisha hata neno, na mimi nikatia sahihi cha kwake, na nilimpenda mzee yule siku ile kama nilivyompenda baba yangu mzazi. Sikumwambia. Nadhani karatasi ilimwambia.

Yule mnene wa Iringa alikuja taratibu mbele. Alikuwa na mbia wake, jirani yake tangu utoto, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma. Hakutania. Alisema, "Mwalimu, na mimi nipe karatasi. Mbili." Tangu mwezi ule, katika nyanda zetu, kifungu hicho kikawa kinaandikwa hivyo: wateja wa ubia wanakaa, na kila mmoja anaandika au kusema kifo chake mwenyewe, hamsemei mwenzake. Wakili mgeni kutoka Dar es Salaam akiiona mikataba hiyo hushangaa kwa nini kifungu kimoja kina sauti mbili.

Mzee aliendelea na darasa, kupanda ngazi na kusimama mlangoni. Kila Jumapili asubuhi, baada ya ibada, aliomba apelekwe Rungwe kumsalimia mdogo wake. Nilidhani ni mapenzi ya kuzeeka. Nilimnung'unikia kwamba anajichosha, naye akasema, "Wewe umeniachia amri kuhusu Chunya tu. Rungwe hukuitaja."

Alikufa msimu wa mvua, nyumbani, asubuhi, mkewe akiwa jikoni anachemsha maziwa. Tulimzika kwao, kwenye tope na migomba, watu wamejaa mpaka barabarani. Mdogo wake alisimama kaburini kama mti, hakulia. Alinipa mkono bila neno. Baadaye niliwaona wazee wa ukoo wakikusanyika nyumbani kwake, milango ikafungwa, na moyo wangu ukawa mgumu. Nilirudi Mbeya nikiwa nimeshaanza kutunga hoja.

Jumatatu nilifungua mlango kabla ya saa mbili. Niliiweka karatasi ya Iringa mbele yangu, nikafunga vifungo vyote vya koti, nikakaa. Meza ya mzee ilikuwa tupu upande wa pili. Saa mbili ilipofika nikasikia miguu ngazini, mizito, ya mtu asiyezoea ngazi. Akaingia mdogo wa mzee, koti kubwa la mvua limemfunika mpaka magotini.

Nikasimama. "Meza haiondoki," nikamwambia.

Alinitazama. "Ndaga, dada," alisema. "Kwa Wahehe salamu hakuna?"

Nikaona haya. "Shikamoo."

"Marahaba." Akafungua koti. Alikuwa ameikumbatia chupa ya chai, ile yenye maua mekundu, na vikombe viwili vimefungwa kwenye kitambaa. Aliviweka juu ya meza ya mzee, taratibu. "Shemeji amekaa matanga kule kwetu Rungwe, hawezi kutoka. Amenituma mimi. Amesema ofisi ni saa mbili."

Akaketi kwenye kiti cha wateja, maana hakukigusa cha kaka yake.

"Meza tumeizungumza ukoo," alisema. "Kuna baba mdogo mmoja mkali, alitaka vitu vyote vije nyumbani. Nimemfundisha."

"Umemfundisha nini?"

"Hiyo ubia yenu." Alikuna kidevu. "Kaka alikuwa anakuja kila Jumapili kunisomesha, mpaka nikachoka. Nikamwambia, kaka, mimi sijui hata kitu kimoja ya sheria, kwa nini usiwaambie wale wenye akili? Akasema, ndiyo maana. Anayejua kidogo ndiye afundishe. Siku yangu ikifika, wewe ndiyo utafundisha ukoo." Akaanza kunieleza, akihesabu kwa vidole vyake vikubwa: kwamba ubia una mali yake, kwamba meza si ya mtu aliyeikalia, kwamba kila mmoja alisema kifo chake mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyechuriwa na hakuna aliyedhulumiwa. Kisha akanitazama kwa wasiwasi, kama tulivyotazamana sisi wote kwenye ule ukumbi, mwezi baada ya mwezi. "Nimekosea mahali?"

"Hapana," nikasema. "Hujakosea."

"Basi tunywe chai. Imetoka mbali."

Nikamimina vikombe vyote viwili, na nililia huku nikimimina, na yeye akageukia dirishani kwa adabu mpaka nilipomaliza.